Gari Liliposita Njiani Kwenda Marangu

Jumamosi, jioni.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta na bado ukakunja mikono. Ukungu ulishuka tangu alfajiri, na mpaka sasa ninapoandika, paa la jirani naliona nusu tu. Nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, chai ya tangawizi mkononi, na mwili wangu bado unadhani uko barabarani. Nikifumba macho naiona migomba ikipita polepole, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoka kanisani wasiokuwa na haraka ya kufika nyumbani.

Leo tumefika Marangu.

Nataka kuandika jinsi tulivyofika, maana tulichelewa, na kilichotuchelewesha ni kitu kidogo ambacho naweza kukifunika kwa kiganja.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa mtaa wa Mawenzi, mjini. Nina gari dogo jeupe la zamani, lililopita mikononi mwa watu nisiowajua kabla ya kunifikia. Nalipenda. Ndani lina harufu ya vitambaa vipya na ndizi mbivu, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyobeba.

Lilianza kusita wakati wa masika. Ukikanyaga mafuta, haliitiki. Linavuta pumzi, linanyamaza kidogo, halafu linaruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Likishashika mwendo kwenye tambarare, ni zuri kabisa, unaweza hata kuimba. Shida ni pale unapotaka liondoke, au lipande, au liongeze kasi. Nikajifunza kulibembeleza. Nikawa nakanyaga taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Ukizoea ubovu wa kitu chako, unaanza kuuita tabia.

Huenda ningeendelea hivyo mpaka leo, kama si Shangazi Felista.

Shangazi Felista ni dada wa marehemu baba yangu. Anaishi Kirua Vunjo, kwenye kihamba chake, shamba la urithi lenye kahawa, migomba, na ng'ombe mmoja mkorofi. Ana mdogo wake, Shangazi Manka, aliyeolewa Marangu. Kutoka Kirua mpaka Marangu si mbali kwa mtu mwenye miguu. Lakini miguu ya Shangazi Felista ilishakataa milima siku nyingi, na Manka naye hatoki kwake. Kwa hiyo dada wawili waliolala kitanda kimoja utoto wao wote wakabaki kusikiana kwa simu, kila mmoja kwenye mgongo wake wa mlima, mabonde yakiwa katikati.

Kisha binti wa Shangazi Manka, binamu yangu Elinami, akanipigia. Akasema mama yake ameanza kusahau. Anatia chumvi kwenye chai. Anamwita yeye, mwanawe wa pekee, kwa majina ya watu waliokufa zamani. Siku nyingine akili inatulia na anaongea vizuri, siku nyingine haipo kabisa.

Nilipompelekea Shangazi Felista habari hiyo, alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

"Aika," akaniuliza, "gari lako linafika Marangu?"

"Linafika, Shangazi."

"Basi nipeleke. Nifike kabla sijasahaulika."

Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Barnaba. Gereji yake ipo mtaani kwetu, chini ya mti wa mparachichi unaomdondoshea matunda kwenye mabati. Barnaba ni mtu mnene, mpole, anayeimba besi ya kwaya akiwa amelala chini ya gari la mtu. Alinisikiliza, akafungua boneti, akatoa plagi. Zilikuwa zimechoka kweli, ncha zimelika. Akaweka mpya. Akakung'uta vumbi kwenye filta ya hewa. Akasafisha throto, ule mlango mdogo unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini, ambao ulikuwa mweusi kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Tukalizungusha mitaa ya karibu. Likaitika kila nilipokanyaga.

"Dada, gari yako imepona," alisema huku akifuta mikono.

Nilimwamini, na yeye mwenyewe alijiamini. Mitaa tuliyopita ilikuwa tambarare, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo.

Jumapili iliyopita nilimchukua Shangazi baada ya misa ya kwanza. Sitasahau alivyotoka mlangoni. Kitenge kipya, kilemba kilichofungwa kwa makini, viatu vya kanisani. Mkononi kikapu chenye chana la ndizi mbivu na chupa ya maziwa. Alikaa kiti cha mbele akiwa amenyooka, kama mtu anayepigwa picha. Tuliposhuka kuelekea Uchira alikuwa akinionyesha mashamba na kunitajia wenyewe, wengine wazima na wengine marehemu, kwa sauti ile ile.

Uchira ndipo unapoingia barabara kuu. Niliangalia kulia, lori lilikuwa mbali. Nafasi ilikuwa ya kutosha. Nikakanyaga.

Kimya.

Gari lilikuwa limeshaingia barabarani, limekatisha njia, na mguu wangu ulikuwa umekanyaga mpaka chini. Halikuzima. Lilikuwa linanguruma kwa chini chini, kama mtu anayefikiria jibu. Nikasikia honi ya lori, ndefu, ikikua. Nikaona kitambaa chekundu kilichofungwa mbele yake kikipepea. Halafu gari likaruka. Lori likapita nyuma yetu karibu sana, na upepo wake ukatutikisa.

"Yesu na Maria," alisema Shangazi, basi. Maziwa yalikuwa yamemwagika kidogo kwenye kitenge.

Ningerudi pale pale. Lakini alikuwa anatazama mbele, na mimi nikatazama mbele. Tukapita Himo, tukaanza kupanda. Kilima cha kwanza lilipanda kwa shida. Cha pili likaanza kutetemeka na kurukaruka, magari yakatupita yakipiga honi. Kwenye kona moja likaishiwa kabisa, nikalisogeza pembeni chini ya migrevilea, ukungu ukiwa unateremka kati ya miti kama moshi wa jiko la mtu. Nikazima injini.

"Shangazi, turudi."

Alitazama barabara inakopandia.

"Marangu iko pale tu."

"Najua. Lakini nikilazimisha kwenda na gari hili, nitakuua."

Akaweka kikapu vizuri magotini. "Basi turudi, mwanangu. Barabara haihami."

Nilimpigia Elinami nikamwambia tumekwama, tutakuja Jumamosi. Akasema haya, hakuna neno. Nilipomrudisha Shangazi kwake, aliingia ndani na kikapu chake bila kugeuka nyuma, na nikabaki kwenye gari nikitazama mlango.

Wiki hii nimeshona vibaya. Nimekata mikono miwili ya kushoto kwa shati moja. Mawazo yalikuwa gereji.

Fundi Barnaba aliposikia habari ya lori, alikaa juu ya tairi na kushika kichwa. "Kosa langu," alisema. "Nililijaribu pasipo na mlima." Sikuwa na hasira naye. Nilitaka tu tulijue tatizo. Watu wa gereji kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema ni pampu ya mafuta, mwingine akasema ni gia, mzee mmoja aliyekuja kunywa kahawa akasema niliuze kwa mtu wa Tanga mjini, ambako hakuna milima mikali. Barnaba hakuwasikiliza. Alipima msukumo wa mafuta, ulikuwa mzuri. Akatazama filta ya petroli, ilikuwa safi. Akaazima mashine ya kusoma gari, akaichomeka chini ya usukani, akaisoma huku amekunja uso.

"Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta," akanieleza. "Hewa halali inapita kwenye filta, inapimwa, injini inajua itie mafuta kiasi gani. Sasa kuna hewa nyingine inaingia bila kupimwa. Kuna tundu mahali."

"Wapi?"

"Mashine haisemi wapi."

Akatafuta. Alipuliza dawa ya kusafishia kwenye kila kiungo huku injini ikinguruma, akisikiliza kama mlio utabadilika. Haukubadilika. Akapapasa mipira yote kwa vidole. Mizima. Siku ya pili vile vile. Nikawa napita gereji jioni, nakaa kwenye kiti cha plastiki, nautazama ule moyo wa chuma uliofunguliwa kifua, na maparachichi yanadondoka juu ya bati: du! Nilikuwa nikiota mchana. Niliona barabara ya Marangu ikizidi kurefuka kadiri tunavyochelewa, na juu kabisa mtu amekaa mlangoni, uso wake unafutika kidogo kidogo kama maandishi ya chaki.

Jana mchana nilikuwa naijaribisha suruali kwa mwanafunzi mmoja. Mama yake alilalamika kwamba inachanika, nami niliitandaza mezani nikaitazama kila mshono, sikuona kitu. Nikamvalisha mtoto, nikamwambia achuchumae. Mshono wa nyuma ukafunguka, ukacheka. Akasimama, ukajifunga.

Niliacha sindano pale pale kwenye kitambaa.

Nilifika gereji nikiwa na futi ya kupimia bado shingoni.

"Fundi, ulivyokuwa unatafuta, gari limesimama," nilimwambia. "Halifanyi kazi yoyote, linanguruma tu. Lakini halisiti likiwa limepumzika. Linasita likibeba mzigo. Tulibebeshe mzigo, tuone."

Nikamweleza habari ya suruali. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaenda kutafuta mawe.

Akazuia magurudumu yote kwa mawe. Akaingia ndani, akakanyaga breki kwa nguvu, akatia gia. Mimi akaniagiza nisimame ubavuni, nisikae mbele ya gari kabisa, na tochi mkononi.

"Uko tayari?"

"Kanyaga!"

Injini ilinyanyuka. Sikujua kwamba injini hunyanyuka. Ilipanda upande mmoja kama mtu mzito anayetaka kuinuka kwenye kochi, na pale nikauona. Kuna mpira mweusi mnene, wenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta kwa mikono, unaotoka kwenye filta kuelekea injini. Chini yake, ndani ya mkunjo mmoja, palikuwa na mpasuko. Injini ilipoinuka, mpasuko ukafunguka, na nikasikia ukivuta hewa: ssss. Barnaba alipoachia, injini ikakaa, mpasuko ukafumba. Ungeapa mpira ni mzima.

"Tena!"

Ukafunguka tena.

"Fundi, njoo uone mwenyewe."

Tukabadilishana. Mimi nikakanyaga, yeye akainama na tochi. Alikaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyesikia wimbo alioutafuta siku nyingi.

"Kumbe ni huu," alisema. "Nimeupapasa huu mara ngapi!"

Akanieleza vizuri, na nafurahi kwamba nimeelewa. Injini imekalia vipande vya raba ili isiruke. Kipande kimoja kilikuwa kimekufa, kimekuwa laini kama embe lililooza. Kwa hiyo kila nilipokanyaga, injini iliruka kuliko inavyotakiwa, ikauvuta mpira, mpira ukachanika taratibu. Na kadiri nilivyokanyaga zaidi ili lisisite, ndivyo nilivyoufungua mpasuko zaidi. Pale Uchira, mguu ukiwa chini kabisa na lori linakuja, nilikuwa nalinyima gari nguvu kwa mguu wangu mwenyewe.

Mmoja wa wale wa gereji alisema tuufunge kwa utepe, utafika tu Marangu. Barnaba akakataa. "Huyu anabeba mzee," alisema. Tukazunguka maduka ya vipuri vya gari vilivyotumika, tukaupata mpira uliokuwa mzima kabisa, tukaupinda pande zote juani kuukagua, na kipande kipya cha raba ya injini. Alifunga vyote viwili, akaimba besi. Kabla giza halijaingia tukapanda barabara ya Kibosho, yeye pembeni yangu akiwa ameshika dashibodi kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Nikakanyaga pale pakali kabisa.

Likaitika. Kabla sijamaliza kukanyaga, lilikuwa limeshaitika. Kahawa ikawa inapita upande huu na upande ule, hewa ikawa inapoa, na nikajikuta nacheka peke yangu. Barnaba akaachia dashibodi. Akanitazama, akasema taratibu, "Sasa nenda kampeleke mama wa watu."

Leo asubuhi, Kirua, nilimkuta Shangazi ameshakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Kitenge kile kile, kimefuliwa, doa la maziwa limetoka. Kikapu kipya cha ndizi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Limepona?"

"Limepona."

"Umelijaribu mlimani?"

"Jana. Kibosho."

Akaingia bila swali jingine. Pale Uchira nilisubiri barabara iwe tupu kabisa, mbali na mbali. Nikakanyaga, tukavuka, na ilikuwa jambo dogo tu, kama kuvuka ua wa nyumba. Shangazi aliachia pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu Jumapili.

Safari ya kupanda sijui niielezeje. Ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Hatukuuona mlima wala bonde, tuliona barabara kidogo mbele na migomba iliyosimama pembeni na majani yake yanayodondosha maji. Gari lilikuwa linapanda kimya kimya. Ilikuwa kama kupanda ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Watu walitokea kwenye weupe, mama na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mwanamume na mbuzi wawili, na wakapotea tena bila sauti. Shangazi hakunitajia wenye mashamba safari hii. Alishika kikapu chake kwa mikono miwili, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali rozari bila rozari.

Nyumba ya Shangazi Manka iko juu ya Marangu Mtoni, ndani kabisa ya migomba. Elinami alitupokea, akanikumbatia, akamshika Shangazi mkono kwenye njia yenye utelezi. Shangazi Manka alikuwa amekaa barazani, blanketi magotini, anamenya maharage mabichi kwenye ungo. Amekonda. Mikono yake ilikuwa na kasi ile ile ya zamani.

Akainua macho. Akamtazama dada yake akija kati ya migomba. Na uso wake, siwezi kusema vinginevyo, uso wake ulifunguka. Akasukuma ungo pembeni, akajitahidi kusimama, maharage yakamwagika.

"Shikamoo, mae," alisema.

Mae ni mama, kwa Kichagga.

Shangazi Felista alisimama pale pale. Elinami akaharakisha, "Mama, huyu ni dada yako. Ni Felista, amekuja kukuona."

Manka akamtazama Elinami kwa kutoelewa, kama mtu aliyekatizwa na mgeni. Akamgeukia tena dada yake.

"Mae, Felista yuko wapi? Mbona hujaja naye?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Sikuthubutu kumtazama Shangazi usoni, nilitazama mikono yake kwenye kikapu. Vidole vilikaza, kisha vikalegea.

"Felista anakuja," alisema. "Amekwenda kukata majani ya ng'ombe."

"Mwambie asichelewe."

"Nitamwambia. Marahaba, mwanangu. Kaa chini, utaanguka."

Akakaa karibu naye. Akakitua kikapu. Na mchana wote, Shangazi Felista alikuwa mama yake mwenyewe. Alimmenyea Manka ndizi, akampa kipande kipande. Elinami alipoleta mtori wa ndizi na nyama, alimlisha huku akimgombeza kwamba anakula kama kuku, na Manka, ambaye Elinami anasema siku hizi hukataa chakula, alimaliza bakuli. Alimfungua kilemba, akamchana nywele zake nyeupe, akamsuka mistari miwili mikubwa. Waliongea Kichagga tupu, kwa sauti ya chini. Mimi niliyekulia mjini nilishika nusu yake.

Lakini hili nililishika lote. Manka alikuwa anamshtaki dada yake. Kwamba Felista alichukua kipande kikubwa cha nyama. Kwamba Felista alimwacha nyuma njiani kutoka mtoni na kukimbia. Shangazi akasema kwa ukali wa mama, "Akija nitamchapa."

Manka akamshika mkono haraka.

"Usimchape, mae. Nikichoka ananibeba."

Nilinyanyuka, nikaenda jikoni kana kwamba kuna kitu nafuata.

Elinami alikuwa ameegemea ukuta, amesikia. Akaniambia jambo ambalo nadhani hakukusudia liwe kisu. Alisema Jumapili iliyopita mama yake aliamka na akili nzuri kabisa. Alioga, akavaa gauni la kanisani, akakaa pale pale barazani, akawa anauliza, Felista amefika wapi? Kwa jina, sawasawa. Mpaka mchana. Mimi nilipopiga simu, Elinami alimwambia wamekwama, na mama yake akasema haya, gari ni gari, akaingia ndani kulala. Tangu siku hiyo akili haijarudi.

Nilitoka kwenda kuliwasha gari, kulipasha moto. Nilikaa ndani mikono kwenye usukani. Lilikuwa linanguruma vizuri, bila kusita hata kidogo, na kwa mara ya kwanza nililichukia.

Shangazi alikuja baadaye, Elinami amemshika mkono. Tulianza kuteremka. Ukungu ulikuwa umeachia kidogo, na upande wa Himo tambarare ilionekana chini kabisa, yenye jua, kama nchi nyingine. Sikujua kama nimwambie. Mwisho nikamwambia, kwa sababu angekuja kuambiwa na Elinami kwa simu, na nilitaka asikie kwangu.

"Jumapili alikuwa anakungoja, Shangazi. Alikuwa anajua ni wewe."

Akageuzia uso dirishani mpaka tulipopita ile kona yenye migrevilea. Nilidhani analia. Nilipomtazama hakuwa analia, alikuwa ameinamisha kichwa upande kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Ningependa yote mawili," alisema. "Anijue, na niyasikie haya ya leo. Ningekuja Jumapili tungeongea habari za miguu na bei ya kahawa." Akatulia. "Sikujua kama anakumbuka nilivyokuwa nambeba."

"Nisamehe, Shangazi."

"Wewe ulipasua mpira?"

Akanipiga kidogo kwenye goti, kama anavyompiga yule ng'ombe wake mkorofi akitaka asogee.

Tulipokaribia Himo nikamuuliza alivyomuaga.

"Nimemwambia nakwenda sokoni."

"Akasemaje?"

"Nimletee muwa. Nimemwambia sawa, abaki anamwangalia Felista mpaka nirudi. Amefurahi, hajawahi kuachiwa Felista." Akaangalia nje, kwenye meza za wauza matunda. "Kwa hiyo Jumamosi ijayo, Aika, inabidi tupitie muwa. Mama akienda sokoni, hurudi."

Nimemfikisha Kirua, nimerudi nyumbani, na mkaa sasa umeshakuwa majivu.

Sijui Jumamosi ijayo Shangazi atamkuta Manka yupi pale barazani. Huenda akili itakuwa imerudi, huenda atamwita jina jingine kabisa ambalo hata Shangazi halijui. Nimejiuliza jioni hii yote kama nimesamehewa, na nani hasa wa kunisamehe, na nimechoka kujiuliza.

Muwa nitautafuta mwenyewe, ule mwekundu, laini, wa kumenyeka kwa meno ya mzee.